Matete ya Rhobi

Ramani ilikuwa ya uongo, na kesho yake ingepigiwa kura.

Ilikuwa imepigiliwa misumari kwenye ukuta wa banda la mizani, mwaloni Kibara, mahali mitumbwi inaposhusha samaki. Wanaume walijazana mbele yake kama watu wanaotafuta majina kwenye matokeo ya mtihani. Ziwa lilipakwa bluu, nchi kavu njano. Upande wa mashariki, kwenye matete ya Rhobi, palikuwa na doa jekundu kubwa kama kiganja. Maandishi ya chini yalisema wekundu unaonyesha mahali sangara wenye mayai wanapokimbilia miezi ambayo maji yanaharibika.

"Hapa," alisema Stanislausi, mwenyekiti wa wavuvi, akiligonga doa kwa kidole, "pafungwe. Pafungwe hata miaka kumi. Mimi naunga mkono mia kwa mia."

Watu walicheka mpaka mmoja akashika nguzo ya mizani asianguke.

"Mwenyekiti, na vyura wafungiwe?"

"Vyura wafungiwe. Na kamongo."

"Na mbu je?"

"Mbu waachwe. Mbu walikuwepo kabla ya mwenyekiti."

Matete ya Rhobi ni tope. Watoto huenda huko kutafuta mumi wadogo wa chambo, na wanawake kukata matete ya kuezekea. Mtu mzima akishuka, anatembea. Sangara mwenye mayai hajawahi kuonekana huko tangu sangara waingie ziwani.

Machibya alisimama nyuma ya wenzake, akacheka kidogo, kwa sababu asiyecheka angeulizwa kwa nini. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye vidole vilivyochanwachanwa na kamba. Aliliangalia lile doa. Alijua lilipaswa kuwa wapi. Lilipaswa kukaa juu ya chimbo lake, mahali pake pa siri pa kuvulia.

Kibara mvuvi haulizwi amevua wapi. Akiulizwa, anajibu, "Kwa Rhobi." Mtumbwi unaweza kuwa umelemewa mpaka maji yanaingia pembeni, mwenyewe atasema, "Si pale kwa Rhobi tu," na aliyeuliza atatikisa kichwa na maneno yatahamia kwenye bei ya petroli. Hakuna anayeamini na hakuna anayekasirika. Ni jibu kama "salama" anayoitoa mtu mwenye homa. Chimbo halitajwi. Mtu anaonyeshwa mara moja, na baba yake au na mtu aliyemlea kazini, siku ambayo mwenye nalo ameshajua kwamba hatarudi tena majini. Machibya alionyeshwa la kwake na baba yake mdogo, Samweli, ambaye wakati ule alikuwa anakohoa damu na kuitemea ziwani ili watoto wasiione nyumbani.

Mwaka uliopita walikuja watu wa utafiti wa samaki. Walisema ziwa linapata joto, na miezi ya baridi, upepo unapogeuka, maji yasiyo na hewa yanapanda kutoka chini na samaki wanakimbia. Hilo wavuvi walilijua. Walishayaona maji ya kijani yenye harufu, na sato waliokufa wakielea tumbo juu. Wasilolijua, na watafiti pia hawakulijua, ni mahali wale wanaopona wanapokwenda. Pakijulikana, wavuvi wenyewe wangepapumzisha miezi michache kila mwaka, samaki wazae. Watafiti walikuwa na boti moja. Wavuvi walikuwa na mitumbwi mingi, na walikuwa majini kila siku. Wakakubaliana kufanya kazi pamoja: mitumbwi sita ilipewa kifaa kidogo mfano wa tochi, kinachofungwa kwenye kamba ya ndoano. Kikizama kinapima kina, baridi na hewa.

Sharti lilikuwa moja, na lilibishaniwa kuanzia asubuhi mpaka watu wakasikia njaa. Kifaa kisionyeshe mahali. Watafiti walikubali. Mahali pangetajwa kwa mdomo.

Aliyepewa kazi ya kuuliza ni Lilian, binti wa mtaa wa Nyakato kule Musoma, mwenye mkataba wa mwaka mmoja. Kila asubuhi alikaa mwaloni juu ya ndoo iliyogeuzwa, koti limefungwa mpaka shingoni, akapokea vifaa na kuuliza.

"Jana mlivua wapi, wazee wangu?"

"Kwa Rhobi."

"Na nyie?"

"Kwa Rhobi, mwanangu."

Naye alipeleka kama alivyoambiwa. Mitumbwi sita, mwaka mzima, kwa Rhobi. Huko makao makuu, watu ambao hawajawahi kuliona tete la Rhobi waliviingiza vipimo kwenye kompyuta, na kompyuta ikatoa doa jekundu.

*

Alasiri ile Machibya alikuwa nje ya nyumba yake akinoa ndoano kwa tupa. Mkewe, Wankyo, alikuwa anasugua beseni kwa mchanga. Lilian aliingia uani, viatu mkononi, tope limemfika mapajani na kukaukia kwenye sketi.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," alisema Machibya. "Umeanguka?"

"Nimetoka kwa Rhobi."

Wankyo aliacha kusugua.

"Tulienda kuangalia pa kuweka maboya ya mpaka," alisema Lilian. "Nikateleza nikatoka mtumbwini. Nikapiga kelele, maana mimi sijui kuogelea. Halafu nikasimama." Alijigusa paja. "Maji yameishia hapa."

Machibya alichukua ndoano nyingine.

"Kifaa chako kinasema ulipokuwa unavua pana mita ishirini na sita. Mzee, kwa Rhobi mita ishirini na sita utazipata ukichimba kisima."

Wankyo alicheka, akajizuia, akavuta kigoda. "Kaa, mwanangu. Nawa hayo matope kwanza. Ugali upo."

Lilian alinawa miguu, akakaa, akakata tonge la ugali wa muhogo na kulishika bila kulila.

"Baba yangu ni mtu wa Butiama," alisema. "Ana ng'ombe. Ukimwuliza wako wangapi, anakwambiaga viwili vitatu tu vya maziwa ya watoto. Zizi limejaa mpaka wanapandiana. Afisa mifugo akija, viwili vitatu. Mchungaji akija, viwili vitatu. Nimekua nasikia hivyo. Halafu nimekaa pale juu ya ndoo mwaka mzima, nawauliza mnavua wapi, na ninayapokea majibu." Alitikisa kichwa. "Nilipaswa kujua."

"Ulikuwa unauliza vizuri," alisema Machibya. "Kwa adabu."

"Na nyie mlikuwa mnanidanganya kwa adabu."

"Ndiyo."

Kuku walikuja kudonoa tope lililodondoka kwenye sketi yake. Wankyo aliwafukuza.

"Kuna jambo jingine," alisema Lilian. "Juni iliyopita, zile siku sato walikufa. Vifaa vya wenzako vyote vilikosa hewa chini ya mita kumi. Cha kwako hapana. Cha kwako kilikuwa na hewa mpaka chini kabisa, siku zote zile."

Tupa ilisimama.

Machibya aliikumbuka Juni hiyo. Ufuko ulikuwa mweupe kwa samaki waliokufa na harufu ilifika sokoni. Wenzake walirudi na mitumbwi mikavu. Yeye alirudi amejaza, akashusha nusu kwenye mwalo mwingine ili asitazamwe sana. Karibu wote walikuwa majike makubwa. Wankyo alipasua matumbo mpaka mikono ikavimba. Mayai aliwapa kuku, akawapa majirani, mwishoni akachimba shimo nyuma ya choo akayafukia, kwa sababu yalikuwa yameanza kuvuta nzi.

"Kesho nitasimama niseme ramani ni mbovu," alisema Lilian. "Hilo ni langu, nitalibeba. Mkataba mwingine labda sitapata. Lakini sikuulizi ni wapi. Tuliahidi hatutauliza." Alilirudisha tonge kwenye sahani. "Ila nikisema ramani ni mbovu na ya kweli hakuna, hapatafungwa popote. Nimeona ulijue leo, hapa kwako. Si kesho mbele za watu."

Aliaga, akaondoka peku.

Wankyo alisubiri mpaka amepita uzio wa minyaa.

"Skola amebakiza mwaka mmoja," alisema. Scholastika, binti yao mkubwa, alikuwa anasomea uuguzi Musoma.

"Najua."

"Hilo chimbo ndilo linamsomesha."

"Najua, Mama Skola."

"Basi kama unajua, nyamaza. Wanawake wa hapa wakitaka kunionea wivu wanasemaga mume wangu hana maneno mengi. Usiwaaibishe."

Machibya aliijaribu ndoano kwenye ukucha wa kidole gumba. Ilikwama vizuri.

*

Kulipopambazuka alikwenda kutoa ndoano alizotega jioni. Magige, mdogo wake Wankyo, alishika mashine. Walikuwa wawili tu. Kibarua wa tatu alikuwa ameacha kuja tangu Machi, samaki walipoanza kuwa wadogo.

Walikiacha kisiwa cha mnandi upande wa kulia. Ndege hao walikuwa wamekaa juu ya mawe, mabawa wazi, meusi. Magige aliizima mashine na mtumbwi ukaenda wenyewe.

"Nasikia yule binti wa utafiti alikuja kwako na tope," alisema.

"Habari zina miguu."

"Shemeji, usije ukafanya ujinga."

Machibya aliinama akalishika boya, kidumu cha njano cha mafuta ya kula, akaanza kuvuta. Kamba ilikuja ya baridi. Ndoano ya kwanza haikuwa na kitu. Ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa na sangara wa urefu wa mkono, kuanzia kiwiko mpaka vidole. Lori la barafu linalokuja kutoka Musoma halimchukui wa namna hiyo. Anaishia kukaangwa barabarani Bunda, na anayemnunua ananunua akiwa na haraka ya basi. Wakaja wengine saba, wote ndugu, saizi moja.

Zamani samaki wa hapo alihitaji watu wawili kumpandisha. Magige alikuwa na kovu kwenye goti, mahali alipobanwa kati ya ubao na jike mmoja mwaka ule aliopewa kazi. Alikuwa akiwaonyesha watu lile kovu kwenye vilabu.

Karibu na mwisho kamba ikawa nzito. Machibya alisimama, akapanua miguu. Yule samaki hakupigana sana. Alikuja juu kwa ubavu, jicho la dhahabu, tumbo limekaza kama ngoma. Magige alimpiga kwa rungu mara mbili na wakamvuta ndani kwa pamoja. Machibya alipitisha kisu chini ya tumbo. Mayai yakamwagika juu ya miguu yake, ya manjano, mengi, yakaingia kati ya vidole.

Aliyatazama kwa muda.

"Juni ile tulikuwa tunapata wangapi kama huyu?"

"Kwa siku? Kumi. Kumi na tano."

"Na leo?"

"Si huyo hapo."

"Na hapa anavua nani mwingine?"

Magige alifuta rungu kwenye suruali. "Hakuna."

"Basi ni sisi."

"Ni ziwa, shemeji. Si ndio wanasemaga? Ziwa linabadilika."

"Ziwa ndilo liliwaleta hapa," alisema Machibya. "Waliowatoa ni sisi."

Magige aliivuta kamba ya mashine kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Walipofika mwaloni, mtu mmoja aliyekuwa anaziba mtumbwi wake aliwaangalia, akaliona jike, akauliza walimtoa wapi.

"Kwa Rhobi," alisema Magige.

*

Mkutano ulifanyika kwenye banda la mizani. Waliokosa pa kukaa walikaa juu ya masanduku ya samaki. Wanawake wa dagaa walisimama mlangoni, vitenge vimefungwa juu ya makoti. Stanislausi alivaa shati la mikono mirefu na kufunga vifungo vyote.

Alifungua kwa sala fupi, kisha akasema jambo lenyewe liko wazi, ramani ipo ukutani, wapige kura watu wakapumzike.

Lilian alisimama. Hakusogea kwenye ramani.

"Mwenyekiti, ramani hii ni mbovu."

"Binti yangu, ramani yako ni nzuri. Usiiharibu."

"Ina rangi nzuri!" alisema mtu wa nyuma.

"Jana nilisimama katikati ya lile doa jekundu," alisema Lilian. "Maji yalinifika mapajani. Sangara hazai kwenye maji ya mapajani. Nyie mnajua. Mimi nimejua jana. Kwa hiyo nawaomba msiipigie kura, kwa sababu mtakuwa mmefunga vyura."

Watu walicheka, kisha kicheko kikaisha kabla ya wakati wake. Wale wenye vifaa waliangalia paa. Mmoja alianza kutafuta kitu mfukoni.

"Sasa kama hii si yenyewe," alisema Stanislausi, "ya kweli iko wapi?"

"Hakuna."

"Basi." Stanislausi alikunjua mikono. Hakuonekana mwenye huzuni. "Watafiti warudi wakajipange. Mwakani tutaongea. Kuna mwenye nyongeza?"

Masanduku yalianza kusukumwa. Machibya alisimama.

"Mwenyekiti."

"Mzee Machibya. Kwa kifupi."

"Ukitoka hapa unaelekea kisiwa cha mnandi," alisema Machibya. "Unakiacha kulia. Unakwenda huku unatazama nchi kavu, mpaka bati la paa la kanisa lionekane limekaa juu ya lile jabali lililopasuka. Hapo hujafika."

Hakuna aliyemwelewa mwanzoni. Walidhani anaelekeza mahali mtumbwi ulikopotelea.

"Unasogea taratibu mpaka mnara wa simu uingie katikati ya yale mawe mawili. Bati juu ya jabali, mnara katikati. Hapo ndipo. Pima kumi na nne, ndizo zile mita ishirini na sita. Chini ni changarawe, si tope. Mkondo unapita kati ya kisiwa na miamba, ndiyo maana hewa haiishi. Majike wanakimbilia hapo maji yakiharibika. Mimi nimekuwa nikiwatoa hapo tangu Samweli anionyeshe."

Watu walitazama kandambili zao kama mtu amevua nguo mbele yao. Nyamburi, mzee kuliko wote pale, alichukua fimbo yake akatoka nje, kwa sababu si vizuri kusikia chimbo la mtu ambaye hajafa. Mlangoni wanawake walimpisha. Kati yao alikuwepo Wankyo. Aliutazama uso wa mumewe, akajifunga upya kitenge, akaondoka nyuma ya mzee.

"Rudia sehemu ya mnara," alisema mtu mmoja, kwa sauti ya chini.

Machibya akarudia.

Magige alikuwa amekaa karibu na mguu wake. Hakunyanyua kichwa. "Umekufa, shemeji," alisema. "Watu wakitaja chimbo wanakuwaga wameshakufa. Sasa umekufa."

Hakuna mvuvi mwingine aliyesimama. Machibya alibaki wima kwa muda, labda akiwasubiri, kisha akakaa.

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mikono. Mlango wa maji kati ya kisiwa na miamba ufungwe kila mwaka kuanzia Juni mosi mpaka mwisho wa Agosti, ulinzi ufanywe na wavuvi wenyewe, vipimo viendelee. Mikono ilikuwa mingi. Lilian alihesabu mara mbili. Stanislausi alisema sheria lazima ipite wilayani Bunda kwanza, igongwe muhuri, hivyo itaanza Juni kama ilivyosemwa. Ilikuwa katikati ya Mei.

Juu ya wiki hizo mbili na kitu hakuna aliyesema neno.

*

Siku ya kwanza baada ya mkutano Machibya alikuta mitumbwi minne juu ya chimbo lake. Siku iliyofuata hakuihesabu mitumbwi. Ilipofika Jumapili, ukitaka kutupa ndoano ilibidi uombe njia. Walitoka Kibara na mialo ya jirani, na wawili watatu walisemekana wametoka mbali zaidi kwa kusikia tu. Waliweka bati juu ya jabali, mnara katikati ya mawe, wakasimama hapo kama kituo cha basi. Kamba zilisukana chini. Za Machibya zilipandishwa na mtu mwingine zikiwa zimeviringika na za kwake, na mtu huyo, kwa kuwa alikuwa na haraka, alizikata.

"Samahani, mzee," alimwambia. "Lakini kwa Rhobi pazuri!"

Mitumbwi ya jirani ilicheka. Vidumu vya njano vilikuwa vimetapakaa juu ya maji, na mnandi walikuwa wamehama upande wa pili wa kisiwa.

Majike yalikuja. Machache, lakini yalikuja, na kila lililopanda lilishangiliwa. Wakala wa mabondo, yale mafuko ya hewa ya tumboni yanayosafirishwa nje, alihamisha mizani yake kutoka mwalo wa jirani akaifunga Kibara. Kufikia mwisho wa mwezi ilikuwa hata wale wadogo hawashiki ndoano. Mitumbwi ilipungua yenyewe.

Lilian alikuja kumwona Machibya akiwa anasokota kamba zilizokatwa, kuona kama zitafaa.

"Nilipaswa kuomba wafunge siku ileile," alisema.

"Wangekataa."

"Wangekataa. Lakini ningeomba."

Alikaa juu ya ndoo yake. Baada ya muda alishika ncha moja ya kamba ili asokote vizuri.

"Sasa kumebaki nini cha kufungia?" aliuliza Machibya.

"Sijui," alisema Lilian. "Ndicho tutakachopima."

*

Sheria ilianza Juni mosi. Ilikuwa na muhuri. Stanislausi aliisimamia kwa ukali kuliko ilivyotegemewa. Usiku wa pili tu alinyang'anya nyavu za mpwa wake mwenyewe na kuzichoma mwaloni, na moshi wa plastiki ulikaa juu ya banda mpaka mchana. Tangu hapo hakuna aliyeingia mle. Watu walimsifu Stanislausi. Redio ya Musoma ilimhoji, akaeleza jinsi wavuvi wa Kibara walivyoshirikiana na wataalamu. Machibya hakutajwa na hakutarajia.

Magige alihamia kambi ya dagaa, upande wa pili wa ghuba. Aliondoka bila kugombana. Alikuja kuaga, akanywa chai ya dada yake, akamwachia Machibya rungu. Mashine ilinunuliwa na mtu wa Guta aliyeitaka kwa ajili ya kumwagilia bustani, na kwa pesa hiyo Skola akarudi chuoni kumaliza. Wankyo alianza kukaanga vitumbua asubuhi. Alimpa mumewe chakula kwa saa zake, alimwitikia alipomwita, na hakumwambia jambo lolote ambalo hakuulizwa.

Mtu mmoja aliruhusiwa kuingia mlangoni mle, mara moja kwa wiki, bila ndoano. Watafiti walimhitaji mtu wa kushusha kifaa mahali palepale, na anayepajua kuliko wote alikuwa mmoja. Mkataba wa Lilian uliongezwa kwa miezi mitatu. Alimngojea mwaloni kila Alhamisi juu ya ndoo yake, na mzee aliporudi hakumwuliza ametoka wapi.

Alhamisi ya tatu ya Julai maji yaligeuka kijani. Harufu ilifika hadi nyumbani. Machibya alitoka asubuhi, akapiga makasia polepole, akikata njia katikati ya sato waliokufa. Walikuwa wengi mpaka karibu na kisiwa. Baada ya kisiwa walipungua, na kwenye miamba hawakuwepo. Mnandi walikuwa wamerudi. Mmoja alizama mbele ya mtumbwi, akakawia, akaibuka na kitu kidogo kinachong'aa mdomoni.

Aliweka bati juu ya jabali, mnara katikati ya mawe. Akafungua kifaa kwenye kitambaa, akakishusha.

Kamba ilipita kati ya vidole vyake, pima baada ya pima. Karibu na chini ilitikisika. Ingeweza kuwa mkondo. Akaisimamisha, akaishika kwa vidole viwili, akasubiri, na ikatikisika tena.

Mtumbwi ulikuwa mwepesi na ulizungukazunguka. Nyuma palipokuwa na mashine palibaki matundu ya boliti, ameyaziba kwa vitambaa. Kiti cha Magige kilikuwa kitupu. Beseni la ndoano halikuwemo, wala vidumu, wala kisu. Chimbo lilikuwa la watu wote, na hakuwa na la kumwonyesha mtu siku akianza kukohoa. Mtumbwini mlikuwa na makasia mawili, vitumbua vinne kwenye mfuko, ambavyo Wankyo alikuwa ameviweka bila kusema, na rungu.